Kutoa nyaya za betri ya moyo: hatari iko kwenye umri wa waya, kwa mgonjwa, au kwa anayetoa?

#1 Mdadisi

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba tujadili jambo ambalo katika familia yetu limezua mabishano kuliko ugonjwa wenyewe. Mama yangu ana betri ya moyo, yaani kifaa cha umeme kinachosaidia moyo kupiga, yenye nyaya mbili, na nyaya hizo zimekaa mwilini zaidi ya miaka 10. Ngozi iliyoifunika betri ilianza kuwa nyekundu, kisha ikawa nyembamba hata ukingo wa chuma ukaanza kuonekana, na sasa pana kitundu kinachotoa majimaji. Tumeambiwa kwamba maambukizi yameingia, na kwamba betri pamoja na nyaya zote ni lazima zitoke.

Dai langu, ambalo nipo tayari kupingwa, ni kwamba hatari ya shughuli hii inatokana na umri wa waya peke yake, na mengine yote yanayotajwa, yaani jinsia, uzito, figo na kisukari, ni nyongeza tu. Kaka yangu anashikilia kwamba hatari iko mikononi mwa anayetoa. Nani kati yetu yuko karibu na ukweli?

#2 Mwuguzi wa Zamu

Pole kwa kuuguza, Mdadisi. Umri wa waya ni jambo kubwa kweli, lakini ni vyema tueleze kwa nini, maana miaka yenyewe haichani mshipa. Waya unapoingia kwenye mshipa mkubwa chini ya mtulinga, mwili huuona kuwa ni mgeni na huanza kuuzungushia nyuzi za kovu. Kovu hilo halitandi sawasawa urefu wote wa waya. Hushika zaidi pale waya unapoingilia mshipa, pale mshipa unapopinda kushukia vena kava ya juu (mshipa mkubwa unaorudisha damu ya sehemu ya juu ya mwili kwenye moyo), pale waya unapopita kwenye vali ya trikaspidi (mlango kati ya vyumba viwili vya kulia vya moyo), na pale ncha yake ilipojishika kwenye nyama ya moyo. Nyaya zikiwa mbili au tatu, hushikana pia zenyewe kwa zenyewe, na ukivuta mmoja unavuta na mwenzake. Ni kama mti uliokua ukaumeza waya wa uzio: ukivuta kwa nguvu, gome hutoka pamoja na waya.

Gome hilo kwa mgonjwa ni ukuta wa vena kava ya juu, au ukuta wa moyo wenyewe. Waya uliokaa miezi michache mara nyingi hutoka kwa kuvutwa taratibu. Ndiyo maana mwongozo wa chama cha madaktari wa mapigo ya moyo cha Marekani wa mwaka 2009 ulizitenganisha shughuli hizi mbili: waya uliopita mwaka 1, au unaohitaji vifaa ambavyo havitumiki wakati wa kuuweka, ndio uliohesabiwa kuwa unatolewa kwa maana kamili ya neno hilo.

#3 Takwimu Tupu

Mdadisi, kauli ya kwamba umri wa waya ni "peke yake" haisimami. Rejesta ya Ulaya iitwayo ELECTRa, iliyochapishwa mwaka 2017, ilifuatilia wagonjwa zaidi ya 3,500 katika vituo 73 vya nchi 19. Madhara makubwa yaliyotokana na shughuli yenyewe, vifo vikiwemo, yalikuwa asilimia 1.7, na vifo vilivyotokana nayo vilikuwa asilimia 0.5. Mambo yaliyojitokeza kuhusiana na madhara hayo yalikuwa manne: kuwa mwanamke, waya kukaa zaidi ya miaka 10, kutumia ala (mirija inayovishwa juu ya waya ili kuutenganisha na kovu) zenye nguvu za ziada kama leza, na kupitia mshipa wa paja badala ya kifuani.

Kwa maneno mengine, umri wa waya uko ndani ya orodha lakini hauko peke yake, na wala haukuwa na uzito kuupita ule wa njia ya paja. Mambo hayo mawili yalikaribiana sana, kila moja likiongeza uwezekano wa madhara kwa zaidi ya mara 3.

#4 Fundi Mitambo

Salamu kwenu. Mimi ni mtu wa vyuma na umeme, si wa hospitali, kwa hiyo nitazungumzia waya wenyewe, ambao naona mnauita "waya" kana kwamba zote ni za aina moja. Kuna waya unaojishika kwa parafujo ndogo kwenye ncha, na kuna ule wa vijimeno vya mpira vinavyonasa kwenye nyama ya moyo. Wa parafujo unaweza kufunguliwa kwa kuuzungusha kinyume, hata kama baada ya miaka mingi parafujo hiyo hukataa kurudi. Wa vijimeno hauna la kufungua, na mara nyingi ncha yake ni nene kuliko kiwiliwili chake, hivyo inapaswa kupita kwenye tundu la kovu lililo jembamba kuliko yenyewe.

Halafu kuna nyaya za betri zile zinazoushtua moyo ukipoteza mwendo. Hizo ni nene zaidi na zina koili ya chuma iliyo wazi. Nyingi za zamani zina koili mbili, moja ndani ya moyo na nyingine ikiwa imekaa palepale kwenye vena kava ya juu, mahali ambapo Mwuguzi amesema kovu linapenda kushika. Nyama huota katikati ya mizunguko ya koili. Watengenezaji walipoliona hilo walianza kuzifunika koili kwa utando au kuziba nafasi zake ili nyama isipate pa kuingilia. Nyaya mbili zenye umri uleule zinaweza kuwa na hatari zinazoachana mbali. Mdadisi, ulizeni aina ya waya kabla ya kuuliza miaka yake.

#5 Mwuguzi wa Zamu

Fundi, leo umetutendea haki, tofauti na siku uliyotaka kututengenezea mashine ya oksijeni kwa pampu ya gari.

Namjibu pia Takwimu Tupu kuhusu njia ya paja. Tarakimu nazikubali, lakini tafsiri ndiyo yenye mgogoro. Katika vituo vingi, njia ya paja haichaguliwi tangu mwanzo. Huendewa pale ambapo waya umekatika wakati wa kuvutwa, au kipande kimebaki kinaelea ndani ya moyo, au njia ya kifuani imeshindikana. Kwa hiyo mgonjwa anayefika kwenye paja ni yule ambaye shughuli yake ilikuwa imekwisha kuharibika. Kusema kwamba paja linaleta madhara ni kumlaumu zimamoto kwa sababu kila anapoonekana pana moto. Hoja hiyohiyo inagusa leza: hakuna anayeiwasha kwa waya unaotoka wenyewe.

#6 Takwimu Tupu

Hoja yako ina nguvu, ila haimalizi mambo. Jaribio la PLEXES lililochapishwa mwaka 1999 liliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wakatolewa nyaya kwa ala ya leza na wengine kwa ala zisizo na leza. Leza ilitoa nyaya kikamilifu kwa asilimia 94, na zile nyingine kwa asilimia 64. Hata hivyo, madhara yaliyohatarisha maisha, kikiwemo kifo 1, yalitokea upande wa leza. Kura ilikwisha kuwagawa wagonjwa wagumu pande zote mbili, na bado leza ikabaki na doa. Yaliyotokea ni machache mno kujengea hukumu, lakini hayawezi kufutwa kwa hoja ya zimamoto pekee.

#7 Dada Mkubwa

Naomba niongeze kisa cha nyumbani, kwa sababu naona wote mnawaza wazee. Mdogo wangu aliwekewa betri akiwa kijana wa shule kwa tatizo la kuzaliwa nalo, na alipofika utu uzima waya wake mmoja ulikuwa umekatika ndani na haupitishi umeme. Sisi tulidhani ujana wake utamsaidia. Daktari akatuambia kinyume chake: mwili wa kijana hujenga kovu kwa bidii zaidi, na kovu hilo huingiwa na chokaa hata kuwa gumu kama jiwe. Kwenye picha alituonyesha mstari mweupe unaofuatana na waya kama kivuli, akasema hicho ndicho kinachomnyima usingizi. Waya ulitoka salama, ila ulichukua muda mrefu kuliko walivyotuambia, na ncha yake ilibaki ndani. Walisema kipande kidogo kama hicho kinaweza kuachwa kwa mtu asiye na maambukizi.

#8 Kalamu ya Kijivu

Dada Mkubwa, alichokuambia daktari kinaungwa mkono na watafiti wa Poland, ambao mwaka 2020 walichapisha kipimo cha kukadiria hatari kiitwacho SAFeTY TLE. Kinaangalia mambo matano: jumla ya miaka ya nyaya zote, upungufu wa damu, jinsia ya kike, idadi ya shughuli za betri alizokwisha kufanyiwa mgonjwa, na kuwekewa betri ya kwanza akiwa bado kijana.

Natamani Mdadisi azingatie hilo la kwanza. Hawakuchukua umri wa waya mkongwe peke yake, bali walijumlisha umri wa nyaya zote. Nyaya mbili za miaka 10 zinahesabiwa 20. Kwa mtindo huo, mgonjwa aliyeachiwa waya mbovu ndani na kuongezewa mpya anabeba hesabu ya vyote viwili, na huo uliolala bila kazi unaendelea kuzeeka.

#9 Mdadisi

Nawashukuru. Kwa hiyo nikisema "umri wa nyaya zote kwa jumla", dai langu linafufuka? Na kama halifufuki, basi nielezeni hili la wanawake. Mama ni mwanamke na ni mwembamba, na hakuna daktari aliyetueleza kwa nini hayo yawe na uzito wowote.

#10 Mzee Kitabu

Kabla hamjamjibu, niruhusuni nipite kidogo pembeni. Mtu wa kwanza kupandikizwa betri ya moyo, Arne Larsson wa Sweden, alipandikizwa tarehe 8 Oktoba 1958, na kifaa kile cha kwanza kilikufa baada ya saa chache. Aliishi hadi mwaka 2001, akiwa amebadilishiwa vifaa 26. Nyaya zake za mwanzo zilishonwa juu ya moyo kwa kufungua kifua, hazikupita mshipani. Balaa hili la kung'oa nyaya kutoka ndani ya mshipa lilikuja pale tulipopata njia rahisi ya kuziingiza. Wakati wa kuweka, hesabu ilikuwa ya siku ya kuweka tu.

#11 Mwuguzi wa Zamu

Shikamoo Mzee. Tumekusikia, ingawa ni wewe peke yako unayeweza kuanzia mwaka 1958 kujibu swali la leo.

Kuhusu wanawake, maelezo ninayoyasikia kazini ni kwamba mishipa yao kwa wastani ni myembamba, ilhali waya na ala ni zilezile anazotumiwa mwanamume. Ala ya kipenyo kilekile ndani ya mshipa mdogo huacha nafasi ndogo ya kukosea, na kuta nyembamba za moyo na vena hupasuka upesi. Wembamba wa mwili unafuata njia hiyohiyo.

#12 Takwimu Tupu

Wembamba, ndiyo, umeonekana kwenye utafiti. LExICon, uliochapishwa mwaka 2010, ulikusanya wagonjwa 1,449 waliotolewa nyaya kwa leza katika vituo 13, na wenye uwiano wa uzito na urefu chini ya 25 walipata madhara zaidi ya wengine. Lakini nipunguze kasi ya maelezo ya Mwuguzi: yule mwembamba anaweza kuwa mwembamba kwa sababu amekondeshwa na ugonjwa, maambukizi yamemla kwa miezi, damu imepungua. Hapo wembamba si chanzo, ni dalili. Kipenyo cha mshipa na udhaifu wa mgonjwa ni maelezo mawili tofauti, na uwiano wa uzito hauwezi kutuambia ni lipi.

Hapo ndipo ninapoona mjadala wote huu unachanganya vifo vya aina mbili. Katika LExICon, vifo vyote vya hospitalini, kwa sababu yoyote, vilikuwa asilimia 1.86, lakini vilivyosababishwa na shughuli yenyewe vilikuwa asilimia 0.28. Kwa waliokuwa na maambukizi ndani ya moyo, vifo vilipanda hadi asilimia 4.3; maambukizi hayo yakiambatana na kisukari, asilimia 7.9, yakiambatana na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) ya 2.0 au zaidi, asilimia 12.4. Figo haichani mshipa. Mgonjwa huyo waya wake umetoka vizuri, kisha amekufa kitandani kwa sumu ya maambukizi. Kijana wa Dada Mkubwa ana hatari ya kuchanika mezani na karibu hana hatari ya kufa wodini. Mzee mwenye figo mbovu na usaha ana kinyume chake. Ukiuliza "nani yuko hatarini" bila kusema hatari ipi, utapata majibu mawili yanayopingana na yote ni ya kweli.

#13 Pita Njia

Samahani kwa kuchelewa, nimesoma yote. Kama hatari ndiyo hizi, kwa nini mgonjwa mdhaifu asipewe tu dawa za kuua vijidudu, akasafishwa kidonda, waya ukaachwa? Jirani yangu alifanyiwa hivyo na alipona.

#14 Kalamu ya Kijivu

Kaka Pita Njia, ni heri useme kwamba kidonda kilifunga. Vijidudu vinavyoshika kwenye waya hujijengea utando ambao dawa hazipenyi ipasavyo, na ndiyo sababu miongozo inataka kila kitu kitoke pindi mfuko wa betri, yaani nafasi chini ya ngozi inapokaa, unapothibitika kuwa na maambukizi, hata kama damu bado haijaonyesha vijidudu. Kusafisha na kufunga kwa kawaida hununua muda tu, na katika muda huo waya unaongeza umri na mgonjwa anapoteza nguvu. Kuchelewa ni kihatarishi kinachostahili kuwekwa kwenye orodha sawa na jinsia na kisukari, na hiki walau kinaweza kubadilishwa. Waya ulioharibika bila maambukizi ni habari nyingine; hapo kweli pana nafasi ya kupima faida na hasara.

#15 Mwuguzi wa Zamu

Sasa nimtetee kaka yake Mdadisi, maana amesahauliwa. Acha niwaelezeni chumba kinavyoandaliwa mahali panapofanyika kazi hii kwa utaratibu. Mgonjwa hupakwa dawa kuanzia shingoni hadi mapajani, si kifuani pekee, ili kifua kiweze kufunguliwa bila kusubiri. Msumeno wa mfupa wa kidari uko juu ya meza, umefunuliwa. Damu ya kundi lake iko chumbani, si maabara. Bomba la kupima shinikizo la damu liko ndani ya ateri, na kioo cha ekokadiografia (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya kupitia umio kiko mbele ya daktari wa usingizi, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kuona utando mweusi wa damu ukianza kuuzunguka moyo. Kupitia mshipa wa paja huwa umekwisha kupitishwa waya mwembamba, tayari kupandishia puto la kuziba vena kava ya juu ikichanika. Puto hilo lilianza kutumika mwaka 2016 na linatoa dakika kadhaa ambazo awali hazikuwepo. Na daktari bingwa wa upasuaji wa moyo yupo humohumo au mlango wa pili.

Mshipa huo ukichanika, shinikizo la damu huporomoka huku watu wakitazamana, na ni dakika chache zinazoamua. Mchaniko uleule unaompata mgonjwa katika chumba hicho humwacha hai, na katika chumba ambacho bingwa anapigiwa simu atoke nyumbani, humuua. Je, hapo kilichoua ni umri wa waya?

#16 Takwimu Tupu

Kwa mara ya kwanza leo nakuunga mkono bila "lakini", au tuseme nina lakini ndogo. Katika ELECTRa, vituo vilivyokuwa na shughuli 30 au zaidi kwa mwaka vilihesabiwa kuwa vya wingi. Madhara makubwa ya hospitalini kwa sababu zote yalikuwa asilimia 2.4 kwao na 4.1 kwenye vituo vidogo. Vifo asilimia 1.2 dhidi ya 2.5. Lakini yangu ni hii: huo ni wingi wa kituo, si wa mkono mmoja. Kituo chenye shughuli 40 zilizogawanywa kwa madaktari watano si sawa na kile chenye mmoja anayezifanya zote.

#17 Fundi Mitambo

Nami nina swali kwa Mwuguzi. Kama maandalizi ndiyo yanayoamua, mbona vifaa vinatofautiana hivyo? Leza hukata kwa mwanga wa nanomita 308 unaoyeyusha kovu karibu na ncha ya ala, lakini kwenye chokaa huduwaa. Ala ya kuzunguka yenye meno hupita kwenye chokaa vizuri zaidi, ila inaweza kuukamata waya wa jirani ambao hukukusudia kuugusa. Mtu aliyefunzwa chombo kimoja atatumia hicho kwa kila waya, na mimi kama fundi nimeona matokeo ya tabia hiyo kwenye mitambo mingine.

#18 Mwuguzi wa Zamu

Ndiyo sababu wazoefu hupanda ngazi: kwanza kishikio cha kufungia ndani ya waya ili uvutike kwa urefu wake wote bila kukatika, kisha mvuto wa mkono, kisha ala ya kawaida, ndipo leza au ala ya kuzunguka. Wengine huruka ngazi hizo wakiona picha ya CT (eksirei ya kompyuta) imeonyesha waya umeng'ang'ania ukuta wa vena. Wawili niliofanya nao kazi hawakuwahi kukubaliana juu ya hilo, na wote wawili walikuwa wazuri.

#19 Dada Mkubwa

Mdadisi, kwa mama yako uamuzi unaonekana umekwisha kufanywa na usaha. Mimi swali langu ni la mdogo wangu, ambaye bado ana waya mmoja mzima wa zamani karibu na ule mpya. Daktari mmoja anapendekeza utolewe mapema angali na nguvu, mwingine anasema waya usio na kosa usiguswe. Kalamu ya Kijivu, kwa hesabu yako ya kujumlisha miaka, huyu wa pili si anaahirisha tatizo?

#20 Kalamu ya Kijivu

Anaahirisha, Dada, ila anaahirisha jambo ambalo huenda lisitokee kamwe, na badala yake wa kwanza anakubali hatari ya leo kwa uhakika. Kwa mtu wa miaka 80 ningesimama na wa pili bila kusita. Kwa kijana mwenye miongo kadhaa mbele yake na mabadiliko ya betri yasiyokwisha, ambapo kila kufunguliwa kwa mfuko ni mlango mpya wa maambukizi, naegemea kwa wa kwanza, alimradi kituo kiwe cha aina aliyoieleza Mwuguzi.

#21 Takwimu Tupu

Hapo tunaachana. Chokaa aliyokwisha kuonyeshwa kwenye picha ndiyo kihatarishi chake kikubwa, na chokaa hiyo ipo leo kama itakavyokuwepo baada ya miaka 5. Wapigeni CT kwanza, waone huo waya mzima umeshika wapi, kisha turudi kubishana.